Mtoto hafuati ziwa! Kima wa Wisconsin walishalionyesha hilo 1958

#1 Ukuti Mkavu

Wakuu salaam.

Kwenye arobaini ya mtoto wa ndugu yetu, shangazi mmoja alitamka kwa sauti ya hukumu kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu ya ziwa, na anayempa chupa mapema ameshampoteza. Sebule nzima ikaitikia. Nilinyamaza kwa adabu. Humu hakuna shangazi, kwa hiyo naweka hoja mezani.

Mwaka 1958 Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye ndiye alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alitoa hotuba kuhusu upendo. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa upande wa shangazi: mtoto ana njaa, mama anaiondoa njaa, basi mtoto anamzoea mama kwa sababu ya shibe. Harlow akachukua vichanga wanane wa kima aina ya rhesus na kuwatenga na mama zao saa chache tu baada ya kuzaliwa. Kila kizimba kikawa na "mama" wawili. Mmoja wa waya mtupu. Mwingine gogo la mbao lililofunikwa sponji na kuvikwa kitambaa cha taulo. Vichanga wanne walipata maziwa kwa mama wa waya, wanne kwa mama wa taulo.

Hata wale wa maziwa ya waya walikuwa wakienda kunyonya, wakimaliza wanarudi mbio kwenye taulo na kuling'ang'ania sehemu kubwa ya siku. Wakiingiziwa dubu wa kuchezea anayepiga ngoma, kwa hofu wanakimbilia taulo. Waya wenye maziwa hauangaliwi.

Kwa hiyo ziwa ni chakula, mapenzi yana mlango mwingine. Karibuni. Mwenye matusi apeleke jukwaa la siasa.

#2 fundi_mabomba

Yaani umeshindwa kumjibu shangazi ana kwa ana ukaja kumjibu kwa kutumia nyani. Umetisha mkuu.

#3 Bwana Takwimu

Mleta uzi umesimulia nusu ya hadithi, ile nusu tamu.

Kwanza, wanane ni wachache. Pili, na hapa ndipo penye uzito, hao waliolelewa na taulo hawakukua vizuri. Walipofika utu uzima hawakujua kucheza na wenzao wala kupandana. Majike waliozalishwa kwa nguvu, wengi waliwapuuza watoto wao na wengine waliwaumiza vibaya. Kama taulo lingekuwa ndilo upendo, wangekuwa wazazi wazuri.

Kwa hiyo jaribio lilionyesha kwamba maziwa peke yake hayatoshi. Halikuonyesha kwamba mguso peke yake unatosha.

#4 Mzee wa Feri

Mimi nasema hivi, hao kima waliteswa. Kumtenga kiumbe na mama yake ili ujue kama anampenda mama yake? Hilo hata kuku analijua.

#5 Ukuti Mkavu

@Mzee wa Feri shikamoo mzee. Kuteswa sikatai. Baadaye alifanya mabaya zaidi: aliwafungia wengine peke yao miezi sita, hata mwaka, wakatoka humo wanajikumbatia na kujiyumbisha pembeni. Sehemu ya mjadala wa haki za wanyama maabara ulichochewa na kazi hizo. Lakini usisahau wataalamu wa enzi zile walikuwa wanawaambia wazazi wasikumbatie watoto. John Watson, 1928, aliandika kitabu kizima cha malezi akishauri mtoto asipakatwe wala kubusiwa ovyo, asubuhi apewe mkono tu. Na watu walinunua! Harlow alikuwa anagombana na hao.

#6 Nesi wa Zamu

Nimepita, niko mapumziko ya chai.

Nyie mnabishana kima, sisi jambo hili tunalifanya kwa binadamu kila siku. Mtoto njiti anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya maziwa. Kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama chura, ana kofia, soksi na nepi, basi. Halafu kanga inazungushwa inakazwa mpaka chini ya sikio. Mama anatembea naye wodini, anakula naye, analala naye ameegemea mto. Ndiyo huduma ya kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey, kwa sababu mashine za joto zilikuwa chache na watoto walikuwa wanalazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na kuambukizana.

Zamani ilikuwa mpaka mtoto atulie kwanza ndipo apewe mama. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti wa WHO wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili ikiwemo. Watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mapema, kabla hata hawajatulia, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0. Upande wa utaratibu wa zamani ni asilimia 15.7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Sasa mama aje aniambie ni mapenzi au ni joto au ni maziwa. Mimi najua anapumua.

#7 Bwana Takwimu

@Nesi wa Zamu asante, hii ni data ya kweli. Ila ona ilivyo ngumu kutenganisha. Akiwa kifuani ananyonya zaidi, anapata joto, anabaki na vijidudu vya mama yake badala ya vya wodi, na mama yuko karibu kuona mapema akibadilika rangi. Kifo kinapungua kwa njia nne tano kwa pamoja. Mapenzi huwezi kuyapa asilimia yake humo.

#8 Mama Tunu

Jamani naomba niulize swali langu humu humu, nisianzishe uzi mwingine.

Binti yangu ana mwaka na miezi miwili. Nilinyonyesha, na bado ananyonya usiku. Likizo ya uzazi iliisha zile siku 84 nikarudi kazini, analelewa na dada. Asubuhi nikitoka ananipungia mkono anaendelea na vikombe vyake. Dada akienda gengeni kununua nyanya, mtoto analala chini mlangoni anapiga visigino mpaka arudi. Mama mkwe kaona, kasema "huyu mtoto ana mama mwingine". Sikulala.

Kama ziwa si hoja, basi mimi sina hata hoja hiyo moja niliyokuwa nayo.

#9 fundi_mabomba

Mama mkwe wa Kitanzania na saikolojia, mtu na binamu yake.

#10 Kijana wa Wandegeya

@Mama Tunu pole dada. Kuna utafiti unaokuhusu moja kwa moja, ulifanyika huku kwetu.

#11 Pwani Raha

Ule wa yule bibi wa Kiingereza aliyekuja Kenya kuwapima watoto?

#12 Kijana wa Wandegeya

@Pwani Raha si Mwingereza na si Kenya. Mary Ainsworth alizaliwa Ohio, akakulia Toronto, akaenda London kufanya kazi na John Bowlby, daktari wa akili aliyeanzisha nadharia ya mfungamano (yaani namna mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake), kisha akamfuata mumewe Uganda aliyepata kazi Makerere. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya Baganda karibu na Kampala, na mkalimani pembeni, akitembelea akina mama 26 wenye watoto 28. Anakaa sebuleni saa mbili hivi mchana, wakati wanawake wanapotembeleana, anaangalia tu. Baada ya wiki mbili anarudi tena.

Alikuja na wazo la kuchunguza desturi ya zamani ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa kumwachisha ziwa. Akafika akakuta wengi wameshaiacha. Badala ya kufunga virago akaanza kuandika kila anachoona: mtoto analia nani akitoka, anatambaa kumfuata nani, akishtuka anaficha uso wapi, akimwona mgeni anafanyaje. Watoto 16 akawaona wana mfungamano salama na mama, 7 wana wasiwasi, na 5 akasema bado hawajafungamana na mtu. Kitabu kilitoka 1967.

Bowlby ana nadharia, lakini macho ya kwanza shambani yalikuwa hapa, kwenye mikeka ya Waganda. Vitabu vingi vinaruka moja kwa moja hadi kazi yake ya baadaye Baltimore, Marekani, na hilo linaniudhi sana.

#13 Mama Tunu

Asante kaka. Sasa mwanangu ni wa 16, wa 7 au wa 5?

#14 Kijana wa Wandegeya

Huwezi kujua kwa kilio cha mlangoni, ndiyo maana nimekwambia unakuhusu. Baada ya Uganda, alipokuwa Baltimore, Ainsworth alitengeneza jaribio la dakika 20 hivi. Mama na mtoto wanaingia chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mgeni. Mama anatoka. Anarudi. Mgeni anatoka, mama anatoka tena, mtoto anabaki peke yake, na kadhalika, vipande vinane vya dakika tatu tatu au pungufu.

Watu wanadhani wanapima kulia mama akitoka. Hapana. Kinachotazamwa zaidi ni mama akirudi. Mtoto anamwendea, anabebwa, anatulia, anarudi kwenye mchezo: huyo ni salama. Kwenye kundi la watoto 106 la Baltimore walikuwa kama theluthi mbili. Mwingine anageuza uso kama hajaona mtu. Mwingine anataka kubebwa na huku anapiga mateke. Baadaye Mary Main na Judith Solomon wakaongeza kundi la nne, watoto wanaovurugikiwa, mtoto anamwendea mama kinyumenyume au anaganda katikati ya chumba.

Kwa hiyo jioni ukirudi anafanyaje?

#15 Mama Tunu

Anakuja mbio na kikombe chake ananipa. Halafu anafungua kifungo cha blauzi.

#16 Nesi wa Zamu

Na bado unalia na mama mkwe? Lala usingizi dada.

#17 Omogusii wa Nyamira

Hamjambo. Nimesoma posti ya 5 kuhusu yule Watson wa kupeana mkono nikacheka peke yangu ofisini.

Kwetu Kisii mtoto mdogo husalimiwa kwa mkono. Mtu mzima akifika kutoka shambani anamnyooshea mkono naye ananyoosha wake. Wakati watafiti Kermoian na Leiderman walipoleta jaribio hilo la Ainsworth kwa Wagusii, matokeo yakatoka 1986, ilibidi walifanye nje ya nyumba na wasome salamu za huko. Mtoto wa Baltimore anayejisikia salama ananyoosha mikono miwili abebwe. Wa Kisii ananyoosha mmoja. Asiye na raha anaangalia pembeni au anauvuta mkono nyuma. Angekuja mtu na kitabu cha Baltimore tu, angeandika kwamba Wakisii wote ni baridi.

Walimpima kila mtoto mara mbili, na mama yake na tena na omoreri, yule dada mdogo anayekaa na mtoto mama akiwa shambani. Wengi walikuwa salama kwa mama, na wengi salama kwa omoreri pia. La kushangaza: usalama kwa mama ulikwenda na afya ya lishe ya mtoto, na usalama kwa omoreri ulikwenda na maendeleo ya akili, kwa maana mama ndiye analisha na kutunza, omoreri ndiye anayecheza na kuongea naye. Kwa hiyo shangazi wa mleta uzi hajashindwa kabisa.

@Mama Tunu hapo una jibu lako. Mtoto anaweza kuwa na wawili.

#18 Ukuti Mkavu

Umeleta kitu kizito. Lakini lishe kuhusiana na mfungamano haina maana kwamba chakula ndicho kinachojenga mfungamano. Mama mwenye utulivu wa kumsikiliza mtoto anamlisha vizuri pia.

Halafu kuna Glasgow 1964, Schaffer na Emerson, watoto 60. Asilimia 39 ya watoto walimganda zaidi mtu ambaye si yule anayewalisha, kuwaogesha na kuwabadilisha. Waliogandwa ni wale wanaoitikia haraka mtoto anapoita na wanaocheza naye.

#19 Mzee wa Feri

Hapo kwenye "kuitikia haraka" ndipo mnapoharibu watoto wa siku hizi. Mtoto akilia kila mara ukimbeba anazoea mikono, hutapika wala hutafua. Mimi wanangu walilia, na wamekua.

#20 fundi_mabomba

Mzee, wamekua ndiyo, lakini wanakupigia simu?

#21 Mzee wa Feri

Wanapiga wakikwama ada.

#22 Nesi wa Zamu

😂😂 Mzee kajibu kwa heshima.

#23 Bwana Takwimu

Hili la mikono lina historia chafu kidogo. Mwaka 1972 Silvia Bell na Ainsworth walitoa matokeo ya familia 26 za Baltimore: mama waliojibu kilio haraka miezi ya mwanzo, watoto wao walilia pungufu walipokaribia mwaka. Kinyume cha mzee. Mwaka 1977 Gewirtz na Boyd wakaichambua takwimu ile na kusema haibebi hitimisho hilo. Ugomvi huo mpaka leo una wafuasi pande zote.

Kilicho imara zaidi ni Montreal 1986, Hunziker na Barr. Waliwagawa akina mama 99 kwa bahati nasibu, kundi moja likaambiwa kubeba mtoto zaidi kwa siku hata akiwa hajalia. Kwenye wiki ya sita, watoto hao walilia asilimia 43 pungufu. Mzee angesema sasa wamezoea mikono. Ila Barr huyo huyo alirudia mwaka 1991 kwa watoto wenye msokoto wa tumbo, wale wa kulia bila kunyamaza, na kubeba zaidi hakukusaidia. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa aina hiyo asijilaumu.

#24 Pwani Raha

Yakhe wazungu wamegundua leso. Subhanallah.

#25 Kijana wa Wandegeya

@Pwani Raha na wameipima. New York, 1990, Elizabeth Anisfeld: akina mama wa kipato cha chini 49, nusu wakapewa mbeleko laini, nusu viti vya plastiki vya mtoto. Watoto walipofika miezi 13, wenye mfungamano salama walikuwa asilimia 83 upande wa mbeleko, 38 upande wa viti. Waligawiwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema wenye upendo ndio waliochagua mbeleko.

#26 Bwana Takwimu

Arobaini na tisa. Nasema tena: arobaini na tisa.

#27 Kijana wa Wandegeya

Na kima walikuwa wanane, mbona hao uliwasikiliza posti nzima.

#28 Salama wa Muscat

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Niko Oman, nalea watoto wa watu. Wangu nimemwacha Tanga kwa mama yangu akiwa hajatimiza miaka miwili.

Huyu wa hapa, nikiingia bafuni anakaa nje ya mlango anaingiza vidole chini ya mlango mpaka anione nimevigusa. Mama yake yupo, ni mtu mwema, ana kazi nyingi. Akianguka anakuja kwangu, anampita mama yake aliyekaa pale pale. Mama yake anacheka lakini naona.

Wangu nikipiga simu ya picha, mwezi wa kwanza alilia, akawa anambusu kioo. Baadaye akawa mkimya. Sasa nikipiga anaangalia dakika moja anarudi kucheza, na bibi yake ananiambia "usijali, hana shida, ameshazoea". Nataka kujua hiyo "ameshazoea" ni nzuri au ni mbaya.

#29 Mama Tunu

Dada yangu. Nakukumbatia kutoka Tabata.

#30 Kijana wa Wandegeya

@Salama wa Muscat nitasema kwa uangalifu. James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na Bowlby, alirekodi filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane hospitali London, enzi ambazo wazazi hawakuruhusiwa kukaa naye. Robertson na Bowlby walieleza hatua tatu: mtoto anapinga, analia na kutafuta, kisha anakata tamaa, kisha anatulia, anakula, anacheka na manesi, na mama akija hamjali. Manesi waliita hatua ya tatu "ameshazoea". Wao wakasema hiyo ndiyo ya kutazama kwa makini. Mwaka 1959 serikali ya Uingereza ikapata ripoti ya Platt iliyotaka wazazi waruhusiwe kuwa na watoto wao wodini.

Ila usijifananishe moja kwa moja. Yule alikuwa peke yake kati ya wageni. Wako yuko kwa bibi yake, nyumba anayoijua, na watu wale wale.

#31 Nesi wa Zamu

Naongezea hapo hapo. Michael Rutter, daktari wa akili wa watoto, alimkosoa Bowlby mwaka 1972 kwa hoja hiyo hiyo: kutengana na mama na kukosa mlezi kabisa ni mambo mawili. Anayeumia zaidi ni asiye na mtu wa kudumu. Wako anaye bibi. Endelea kupiga, saa zile zile, na bibi amuoneshe picha yako mkiwa pamoja. Mtoto anayeangalia simu dakika moja akarudi kucheza si lazima awe amekusahau.

#32 Mdau wa Ituri

Jambo wandugu. Miye ni wa Bunia, Kongo. Kwa upande wetu kuna Waefe wa msitu wa Ituri, wataalamu Tronick na Morelli walikaa nao miaka ya 1980. Mtoto wa Waefe anazaliwa, mwanamke mwingine anaweza kumnyonyesha kabla hata ya mama. Kufikia wiki ya 18 yuko mikononi mwa watu wengine asilimia 60 ya muda, na kwa saa moja anapita mkono kwa mkono kama mara nane. Wastani wa walezi 14.

Hawakuwa watoto waliochanganyikiwa. Na karibu na mwaka mmoja mtoto bado anamtafuta mama yake kuliko wengine. Sasa nyie mwenye dada mmoja wa kazi mnaogopa nini?

#33 Ukuti Mkavu

Hii inanipendeza na inanisumbua. Kama mtoto ananyonyeshwa na wengi, anabebwa na wengi, anaitikiwa na wengi, halafu bado anamchagua mama, basi si ziwa, si mikono, si kuitikia. Ni nini kimebaki?

#34 Mzee wa Feri

Damu.

#35 Bwana Takwimu

Usiku analala na nani, mzee. Waefe walilala na mama zao.

Halafu damu yenyewe ilipimwa kwa pacha. Utafiti wa 2003 wa Bokhorst na wenzake ulilinganisha pacha wa kufanana na wasiofanana, mchango wa urithi kwenye mfungamano wa utotoni ukaonekana mdogo mno. Lakini tusijipongeze upande wa malezi. De Wolff na van IJzendoorn, 1997, walikusanya tafiti 66: uhusiano kati ya mama kuwa msikivu na mtoto kuwa salama ni 0.24, kwa kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Upo, ila mdogo. Sehemu kubwa bado haina mwenyewe.

#36 fundi_mabomba

0.24 ni sawa na kura za mgombea wangu udiwani.

Akina baba je? Uzi mzima hatujatajwa, kama vile watoto walidondoka.

#37 Mdau wa Ituri

@fundi_mabomba uende kwa Waaka, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Barry Hewlett alikuta baba wa Kiaka yuko na mtoto mkononi au pale anapoweza kumfikia kwa mkono asilimia 47 ya siku. Wewe mkono wako unafikia nini asilimia 47 ya siku?

#38 fundi_mabomba

Spana.

#39 Mwalimu Mkuu Mstaafu

Mimi nataka kuuliza kuhusu bweni. Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya, yaya akaondoka akiwa na miaka minne hivi, kisha akapelekwa bweni bado mdogo. Hapa kwetu 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na wazazi walilalamika, kwa maana wapo ambao hawana pa kumweka mtoto. Nimefundisha shule yenye bweni la watoto wa miaka sita. Usiku walikuwa wanahamia kitanda kimoja wanne watano, na tulikuwa tunawaadhibu kwa hilo.

#40 Nesi wa Zamu

Mwalimu, mliwaadhibu kwa kujitibu.

#41 Bwana Takwimu

Hapo mwalimu amegusa kitu ambacho mleta uzi alikiacha. Harlow na mwenzake Suomi walitaka kuwaponya kima waliofungiwa miezi sita. Kuwachanganya na wenzao wa umri wao kulishindikana, walipigwa. Wakawapa majike wadogo wa miezi mitatu, umri ambao bado wanaganda tu na hawajui ukali. Wale wadogo walimwendea mgonjwa kwenye kona yake na kumng'ang'ania. Baada ya miezi kadhaa tabia nyingi za ajabu zikapungua sana. Hapakuwa na mama humo. Hapakuwa na ziwa.

#42 Ukuti Mkavu

Kwa hiyo unasema watoto wenzao? Hilo naomba nilikatae. Romania watoto waliachwa pamoja na wenzao mamia kwenye vituo vya kulelea watoto, na angalia ule utafiti wa Bucharest, mji mkuu wao, wa watoto 136. Waliopelekwa kwenye familia, hasa kabla ya miaka miwili, ndio waliojenga mfungamano vizuri. Waliobaki kituoni walikuwa na wenzao wa kutosha kabisa.

#43 Bwana Takwimu

Wenzao nao walikuwa wagonjwa. Wale kima wadogo walioponya wenzao walikuwa wazima. Ukilinganisha, linganisha sawasawa.

#44 Omogusii wa Nyamira

Na omoreri naye ni mtoto, jamani. Miaka saba, nane. Mnasahau hilo kwenye kila posti.

#45 Mama Tunu

Dada wetu ana miaka 19 na anaondoka mwezi wa kumi na mbili kuolewa. Nani ana uzoefu: nimlete mwingine mapema wakae wote wawili kwanza, au mtoto akae na mimi likizo nzima kabla ya mgeni?

#46 Salama wa Muscat

Walete wakae pamoja. Mimi nilipofika hapa yule wa kabla yangu alikuwa ameshaondoka, mtoto alinikataa wiki nyingi, alikuwa anatembea chumba kwa chumba anamwita kwa jina lake.

#47 Mzee wa Feri

Mama Tunu, mwite mama mkwe akae mwezi huo. Ndiyo utajua kama ni damu.

#48 fundi_mabomba

Mzee anataka ndoa ya watu ivunjike.